«Actually» si «actuellement»: kielezi kimoja cha Kiingereza na njia tunayopitia kukifikia

0. Utangulizi

Mwaka jana, wakati wa likizo, nilipata kazi ya siku nne ya ukalimani. Wageni wa shirika moja walikuwa wamekuja Bukavu kuandikisha familia ambazo nyumba zao ziliharibiwa na mvua kwenye miteremko ya Kadutu. Wao walisema Kiingereza, wenyeji walisema Kiswahili, na mimi nilisimama katikati, nikiwa na daftari na ujasiri wa mwanafunzi aliyepata alama nzuri katika mtihani wa Kiingereza.

Siku ya pili tulifika kwa mama mmoja aliyesimama mbele ya nyumba ya mbao isiyo na paa. Mgeni aliniuliza: «Does she actually live here?» Nikamgeukia mama, nikasema: «Mama, kwa sasa unaishi hapa?» Akajibu: «Hapana, mwanangu. Kwa sasa nalala kwa shemeji yangu, kule Panzi.» Kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, nilifupisha jibu lake, nikamwambia mgeni kwamba hapana, anaishi Panzi. Mgeni akapiga mstari kwenye karatasi yake, tukaenda nyumba iliyofuata. Mama yule hakupewa jetoni ya msaada.

Hakuna aliyedanganya pale. Mgeni aliuliza swali la haki, mama alijibu ukweli. Kosa lilikuwa langu, na lilianzia katika neno moja ambalo nilikuwa na hakika nalijua. Mgeni hakuuliza habari ya sasa wala ya jana. Aliuliza kama ile nyumba ni ya mama huyo kweli, au kama amekuja tu kusimama mbele ya nyumba ya mtu mwingine. Mimi nilisikia «actually», kichwani mwangu kukalia «actuellement», na mdomoni kukatoka «kwa sasa».

Katika makala hii nataka kueleza mambo matatu: kwanza, kwa nini maneno haya mawili yanafanana sura na kuachana maana, pili, kazi ambayo «actually» inafanya katika Kiingereza cha kila siku, tatu, vifaa ambavyo Kiswahili kinavyo kwa kazi hiyo hiyo. Hoja yangu ni kwamba sisi wanafunzi wa Kongo tunafika kwenye neno hili kwa kupitia Kifaransa, na njia hiyo inatupoteza, wakati Kiswahili tunachokisema nyumbani kingetufikisha salama zaidi.

1. Ndugu wawili walioachana njiani

Wasomaji wengi wa jarida letu wanaujua msemo wa Kifaransa «faux amis», yaani marafiki wa uongo: maneno ya lugha mbili yanayofanana sura lakini hayana maana moja. Msemo huo ulipata umaarufu kutokana na kitabu cha Maxime Koessler na Jules Derocquigny kilichotoka mwaka 1928, kilichowaonya Wafaransa juu ya mitego ya msamiati wa Kiingereza. «Actually» na «actuellement» ni miongoni mwa mifano inayotajwa mara nyingi sana darasani. Tunaisoma, tunaikariri, halafu tukifika mtaani tunaisahau. Nadhani tunaisahau kwa sababu tunaambiwa tu kwamba maneno hayo hayafanani, bila kuambiwa yalifikaje kutofautiana.

Kwa asili maneno haya ni ndugu. Chimbuko lao ni kitenzi cha Kilatini «agere», kutenda, kilichozaa nomino «actus», kitendo. Kilatini cha baadaye kikatengeneza kivumishi «actualis», chenye kuhusu kitendo. Wasomi wa Zama za Kati walikitumia sana kivumishi hicho kwa sababu walihitaji kutofautisha hali mbili ambazo Aristotle alikuwa amekwisha kuzitenga, na ambazo Thomas wa Aquino alizipa nafasi kubwa katika mafundisho yake: jambo lililoko kwa uwezo tu, na jambo lililoko kwa tendo. Mbegu ya mwembe ni mwembe kwa uwezo. Mwembe uliosimama uani na kutoa kivuli ni mwembe kwa tendo. Wenzetu waliopitia seminari waliwahi kuhenya na jozi hiyo, «la puissance et l'acte».

Kivumishi cha Kifaransa «actuel» nacho kilianza na maana hiyo: kilichopo kwa tendo, kilicho halisi. Waingereza walikichukua katika karne ya 14, na kielezi «actually» kikajengwa juu yake. Baada ya hapo kila lugha ilishika njia yake. Kiingereza kilibaki palepale: «actual» ni kilicho halisi, na «actually» ni kwa uhalisi. Kifaransa kilisogea. Kilichoko kwa tendo ndicho kilichopo mbele yetu, na kilichopo mbele yetu ndicho cha leo. Basi polepole «actuel» kikaacha uhalisi kikakamata wakati. Lugha nyingine za Ulaya zilikwenda upande huo huo: «actualmente» ya Kihispania, «attualmente» ya Kiitaliano, «atualmente» ya Kireno na «aktuell» ya Kijerumani zote zinazungumzia wakati wa sasa. Katika kundi hili Kiingereza ndicho kilichobaki peke yake katika nyumba ya zamani. Kwa hiyo Mhispania na Mjerumani wanaojifunza Kiingereza wanaanguka katika shimo lilelile tunaloanguka sisi.

Kifaransa chenyewe kimehifadhi kumbukumbu ya maana ya kale katika lugha ya kanisa. Katekisimu inapotofautisha «péché originel» na «péché actuel», haimaanishi dhambi ya siku hizi. Ya kwanza ni dhambi ya asili. Ya pili ni dhambi ambayo mtu ameitenda yeye mwenyewe, hata kama ni ya miaka thelathini iliyopita. Anayetaka kukumbuka maana ya «actually» na akumbuke dhambi hiyo. Kiswahili nacho kina usemi uliojengwa kwa fikra ileile: tunaposema mtu anatusaidia «kwa vitendo», tunamaanisha kwamba msaada wake umeonekana, haukuishia mdomoni. Kutoka kutenda hadi uhalisi si mwendo mrefu, na lugha yetu inaujua.

Kwa nini basi Kifaransa kinatushinda nguvu? Kwa sababu kiko kila mahali masikioni mwetu. Redio inatusomea «actualités». Mtu akikutana na rafiki sokoni anaweza kusema «actuellement niko Goma» ndani ya sentensi ya Kiswahili, na hakuna atakayeshangaa. Neno la Kiingereza linapokuja, linakuta kiti kimekwisha kukaliwa.

2. Kazi ya «actually»: kuonyesha pengo

Kamusi zitakuambia kwamba «actually» ni «kwa kweli». Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi, kwa sababu mtu hawezi kutia «kwa kweli» katika kila sentensi ya kweli anayosema. Waingereza hawasemi kwamba jua «actually» huchomoza mashariki, ingawa ni kweli tupu. Kinachotakiwa ili neno hili litumike ni pengo: jambo lilivyo kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili jambo lilivyodhaniwa, lilivyosemwa, lilivyoonekana au lilivyotarajiwa. «Actually» hunyosha kidole kwenye pengo hilo. Kutokana na kazi hiyo moja tunapata matumizi manne ya kila siku.

a) Kutenga jambo lenyewe na maneno yanayolizunguka. «What did the teacher actually say?» Watu wamesimulia mengi kuhusu maneno ya mwalimu, muulizaji amechoka na uvumi, anataka maneno yenyewe. Kwa Kiswahili: «Mwalimu alisema nini hasa?» Mfano mwingine: «The ticket says eight, but the boat actually leaves at nine.» Tiketi inasema saa mbili, lakini meli yenyewe huondoka saa tatu. Swali la mgeni wetu kule Kadutu ni la aina hii.

b) Kuonyesha mshangao. «He actually paid me back!» Msemaji alikuwa amekwisha kukata tamaa juu ya deni lake. Pengo hapa liko kati ya matarajio yake na tukio. Kwa Kiswahili tungesema: «Amenilipa kweli!» au, kwa sauti ya mtu asiyeamini macho yake, «Kumbe amenilipa!»

c) Kumsahihisha msikilizaji. Mtu anakuambia: «You are from Goma, aren't you?» Unajibu: «Actually, I'm from Uvira.» Kwa neno hilo unamwambia kwamba unajua anafikiri nini, na kwamba sivyo ilivyo. Unampa alama ya kwamba marekebisho yanakuja kabla hayajamfikia. Kwa hiyo neno hili linaweza kupunguza ukali, maana anayesema «No, I'm from Uvira» anagonga meza zaidi.

d) Kujisahihisha au kubadili nia. «I'll have tea. Actually, make it coffee.» Hapa pengo liko kati ya nia ya kwanza na nia ya pili ya msemaji mwenyewe. Katika mgahawa wetu mtu angesema: «Niletee chai. Au basi, niletee kahawa.» Tazama kwamba tafsiri nzuri haina hata neno moja lenye maana ya ukweli. Anayetafsiri kwa «kwa kweli, niletee kahawa» ameitii kamusi lakini hakuna mhudumu atakayemwelewa vizuri.

Katika matumizi yote manne, wakati si suala. Jambo linaweza kuwa la jana, la leo au la kesho: «He actually came», «She is actually here», «They will actually build it». Kitenzi ndicho kinachobeba wakati. Kielezi kinabeba pengo.

Siku moja asistanti wetu aliandika ubaoni jina la filamu ya Richard Curtis ya mwaka 2003, «Love Actually», akatuomba tulitafsiri. Wengi tuliandika «Mapenzi ya siku hizi». Huko Quebec, ambako filamu nyingi hupewa jina la Kifaransa, filamu hiyo iliitwa «Réellement l'amour». Watafsiri wa kule walikwepa «actuellement», ingawa lugha yao ndiyo inayotega mtego.

3. Mahali pa neno katika sentensi

Kiingereza kinaruhusu «actually» kukaa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa sentensi, lakini si kwa bei ileile. Mwanaisimu Rebecca Clift alichapisha mwaka 2001, katika jarida la «Language», uchunguzi wa neno hili katika mazungumzo, na moja ya mambo aliyosisitiza ni kwamba mahali linapowekwa hubadilisha kazi linayofanya katika zamu ya msemaji.

Mwanzoni, neno hufungua zamu na kutangaza kwamba linalofuata litapinga, litasahihisha au litageuza mazungumzo. Ndiyo matumizi ya c) na d) hapo juu. Mwishoni, hulainisha: «I don't eat meat, actually.» Mgeni aliyewekewa sahani ya nyama anatoa habari ambayo mwenyeji hakuitarajia, na anaiweka chini polepole. Kwa Kiswahili: «Mimi sili nyama, kusema kweli.» Katikati, neno hukaa kabla ya kitenzi kikuu, au baada ya kitenzi kisaidizi na baada ya «be»: «I actually saw him», «I have actually seen him», «She is actually a nurse». Hapo kazi yake ya kawaida ni ile ya a) na b): kushika uhalisi wa tendo lenyewe.

Tofauti hii si pambo. Chukua sentensi mbili:

«Actually, he didn't hit her.»
«He didn't actually hit her.»

Ya kwanza inamjibu mtu aliyeamini kwamba mwanamume yule alimpiga mwanamke. Inasema: sivyo unavyodhani, hakumpiga. Ya pili inasema jambo lingine. Inakana kipigo, lakini inaacha nafasi kwa jambo lililokaribia kipigo: aliinua mkono, alitisha, alisukuma meza. Kwa Kiswahili ya kwanza ni «La, hakumpiga», na ya pili ni kama «Hakufikia kumpiga». Mkalimani anayetafsiri ushahidi na kuzifanya sentensi hizi kuwa moja ameondoa kitu katika maneno ya shahidi. Na anayetafsiri zote mbili kwa «kwa sasa hampigi» ameongeza kosa jipya, maana sasa yule mwanamume anaonekana aliwahi kumpiga zamani.

4. Vifaa vya Kiswahili

Katika mifano iliyotangulia nimetumia maneno mengi ya Kiswahili kwa neno moja la Kiingereza. Huo si upungufu wa Kiswahili. Kiingereza kimeweka kazi nyingi katika kielezi kimoja; Kiswahili kimezigawa. Vifaa vikuu ni hivi.

«Kweli» hushikilia tukio ambalo lilitiliwa shaka: «Alikuja kweli.» Tofauti ya «kweli» mwishoni na «kwa kweli» mwanzoni inafanana kwa kiasi fulani na tofauti ya nafasi tuliyoiona katika Kiingereza: «kwa kweli» hufungua maelezo, «kweli» huthibitisha tendo.

«Hasa» hudai usahihi katika swali: «Unataka nini hasa?», «Ilitokea wapi hasa?» Tuwe waangalifu hapa, kwa sababu «hasa» ina maana nyingine pia, ya kutanguliza jambo moja mbele ya mengine, kama katika «napenda matunda, hasa maembe». Maana hiyo si ya «actually».

«-enyewe» hutenga kitu na maneno yanayokizunguka: meli yenyewe, nyumba yenyewe, maneno yenyewe.

«Ndi-» pamoja na viambishi vyake, «ndiye», «ndipo», «ndicho», «ndivyo», huchagua kimoja na kukataa vingine vyote. «Hapa ndipo kwangu» inamaanisha ni hapa, si pengine unapodhani. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, Bukavu kama Lubumbashi, kazi hiyo inafanywa na «njo»: «Huyu njo mwenye nyumba.» Wengine wanalidharau umbo hilo kwa sababu halimo katika vitabu vya Kiswahili sanifu. Lakini ni umbo lenye kazi sahihi kabisa, na mtoto wa miaka mitano analitumia bila kukosea.

«Kumbe» ndilo neno ambalo wanafunzi wengi hulikimbilia kwanza, na linastahili maelezo zaidi. «Nilidhani ni mgeni, kumbe ni jirani.» Kwa Kiingereza: «I thought he was a visitor, but he was actually a neighbour.» Maneno yanalingana vizuri. Kutokana na mifano kama hii mtu anaweza kuamua kwamba «kumbe» na «actually» ni mapacha. Sivyo. Rudi kwenye jibu la c): «Actually, I'm from Uvira.» Ukitafsiri «Kumbe mimi ni wa Uvira», utakuwa umemwambia mwenzako kwamba hukujua ulikozaliwa, na kwamba umegundua dakika hii. Atacheka, au atakuhurumia.

Tofauti ni hii. «Kumbe» ni alama ya ugunduzi wa msemaji: dhana iliyovunjika ni yake mwenyewe, au ya mhusika anayemsimulia. «Actually» haichagui: dhana iliyovunjika inaweza kuwa ya msemaji, ya msikilizaji au ya watu wote. Kwa hiyo mkalimani anaposikia «actually» inambidi ajiulize kwanza: ni nani aliyekuwa na dhana isiyo sahihi? Ikiwa ni msemaji, «kumbe» inafaa. Ikiwa ni msikilizaji, achague «la», «kwa kweli», «kusema kweli» au «ndi-». Kiswahili kinatulazimisha kujibu swali ambalo Kiingereza kinaliacha wazi, na hiyo ni faida kwa anayejifunza, kwa sababu inamfanya aelewe sentensi kabla ya kuitafsiri.

Napendekeza jaribio dogo kwa kila anayetia shaka. Ongeza mwishoni mwa sentensi ya Kiingereza maneno «si kama ilivyodhaniwa». Ikiwa yanakaa vizuri, «actually» ni sahihi. Kisha ongeza «si jana, si kesho». Ikiwa haya ndiyo yanayokaa vizuri, ulichokuwa unatafuta si «actually» bali neno la wakati.

5. Barua zetu

Mpaka hapa nimezungumza kama msikilizaji wa Kiingereza. Lakini tunakiandika pia, na hapo mtego unafanya kazi kwa upande wa pili. Katika barua nyingi za kuomba nafasi ya masomo ambazo wenzangu wamenipa nizisome, na katika barua zangu za zamani, nimekuta mwanzo wa namna hii: «Actually, I am a third-year student of linguistics. Actually, I live in Bukavu with my parents.»

Mwandishi alitaka kusema kwamba kwa sasa anasoma mwaka wa tatu na kwamba kwa sasa anaishi Bukavu. Msomaji wa Kiingereza anasikia nini? Anasikia mtu anayembishia. Nani alisema kwamba wewe si mwanafunzi? Nani alikataa kwamba unaishi na wazazi wako? Barua nzima inaonekana kama jibu kwa shutuma ambayo haikutolewa. Msomaji mwenye subira ataelewa. Msomaji mwenye barua mia mbili mezani ataiweka pembeni. Aliyeiandika hatajua kamwe ni kwa nini.

Maneno yanayotakiwa hapo ni «currently», «at present», «at the moment», au «now» tu. Mara nyingi hakuna neno linalotakiwa, kwa sababu «I am a third-year student» tayari iko katika wakati wa sasa. Lakini anayekimbia mtego wa kwanza ajihadhari na wa pili: «currently» nayo inafanana na «couramment» ya Kifaransa, ambayo inamaanisha kwa ufasaha au kwa kawaida. Anayeandika «I speak English currently» akitaka kusema anakisema vizuri, anaeleza kwamba anakisema siku hizi. Neno lake ni «fluently». Vilevile «eventually» ni hatimaye, wakati «éventuellement» ni pengine au ikibidi. Ukiahidi kwamba utalipa «eventually», umeahidi kulipa, ingawa umechelewesha.

Kuna jambo la adabu pia. Kwa kuwa «actually» ya mwanzoni husahihisha, ikirudiwa mara nyingi humfanya msemaji aonekane mjuaji. Sisi tumelelewa kutomsahihisha mkubwa bila kutanguliza «samahani, mwalimu» au «naomba radhi, baba». Kiingereza hakina shikamoo, lakini kina masikio. Mwanafunzi anayeanza kila jibu kwa «Actually...» mbele ya profesa mgeni anaweza kudhani anapamba lugha yake, kumbe anamwambia profesa katika kila sentensi kwamba amekosea. Afadhali aseme «I think» au «I'm sorry, but», na «actually» aiweke akiba kwa siku atakayoihitaji.

6. Hitimisho

Baadhi ya wenzetu husema kwamba lugha ngeni isomwe kwa lugha hiyo yenyewe, bila kupitia nyingine. Ni shauri jema, lakini ukweli wa darasa letu ni kwamba tunapitia nyingine tupende tusipende, na ile tunayoipitia bila kujua ni Kifaransa. Kama lazima tupitie mahali, basi katika neno hili Kiswahili ni daraja bora. Hakifanani na Kiingereza kwa sura, kwa hiyo hakidanganyi kwa sura. Kinatulazimisha kuuliza maana. Ningefurahi kuona idara ya Kiingereza na idara ya lugha za Kiafrika zikikaa pamoja kutengeneza orodha ya marafiki wa uongo iliyo na safu tatu, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, badala ya zile mbili tunazonakili kila mwaka.

Nimalizie pale nilipoanza. Kosa langu nililigundua wiki tatu baadaye, nikijiandaa kwa mtihani, nilipofika kwenye ukurasa wa «actually». Nilikaa kitandani nikalisikia tena swali la mgeni, safari hii likiwa na maana yake. Kesho yake nilikwenda ofisini kwao nikawaeleza. Kwa bahati walikuwa wanatayarisha orodha ya pili, wakakubali turudi Kadutu. Mama alikuwepo, akipanga mbao zilizobaki. Nikamwuliza kama nilivyopaswa kumwuliza mara ya kwanza: «Mama, hapa ndipo kwako kweli?»

«Ndipo,» akajibu. «Mwaka wa tisa huu. Hata shimo la choo hili tulilichimba mimi na marehemu mume wangu.»

Aliandikwa. Katika mgawo wa pili alipata blanketi na sufuria. Mabati yalikuwa yamekwisha katika mgawo wa kwanza. Nilimweleza kwamba jina lake lilikosekana kwa sababu yangu, kwamba sikulielewa neno moja la mgeni. Aliniangalia kwa muda.

«Neno moja tu?»

«Moja tu, mama.»